Binti wa Mchungaji Aliyetumwa Kupeleleza Nchi

Musa alipowatuma watu kumi na wawili kwenda kuipeleleza nchi ya Kanaani, wote walipita njia moja, wakaona kuta zile zile na zabibu zile zile, wakarudi wote pamoja baada ya siku arobaini. Walakini habari walizozileta zilikuwa mbili. Kumi walisema hivi na wawili walisema vingine, na taifa zima likazunguka jangwani miaka arobaini kwa sababu ya kuwasadiki wale kumi. Nimewafundisha watoto habari hii mara nyingi, na karibu kila mara mmoja wao huuliza: Kama wote waliona mambo yale yale, mbona hawakusema mamoja? Swali hilo ni kubwa kuliko mtoto anavyojua. Macho ya wale watu yalikuwa sawa, bali mioyo iliyokuwa nyuma ya macho haikulelewa sawa.

Sisi nasi tunao wapelelezi wetu. Mtu akaaye kijijini, mbali na bahari na reli, hufungua gazeti au husikiliza redio, akapata habari za vita na wafalme na mabunge ya nchi ambazo hatazikanyaga maisha yake yote. Habari hizo haziletwi na upepo. Yuko mtu aliyekwenda huko, akatazama, akauliza, akaandika. Nasi twamwamini mtu huyo pasipo kujua ni mtoto wa nani wala alisoma wapi. Kwa hiyo nimeona vema kusimulia habari za mmoja katika watu wa kazi hiyo, mwanamke wa Marekani aliyeitwa Dorothy Thompson. Sitasema mengi juu ya sifa alizozipata ukubwani. Nataka hasa kuutazama utoto wake na masomo yake, nipate kuonyesha ni wapi alipolipata jicho lake, na jinsi jicho hilo lilivyokosa siku moja lilipohitajiwa sana.

Alizaliwa tarehe 9 Julai mwaka 1893 katika mji mdogo wa Lancaster, karibu na mji mkubwa wa Buffalo, upande wa magharibi wa jimbo la New York. Baba yake, Peter Thompson, alikuwa Mwingereza aliyehamia Marekani akawa mchungaji wa kanisa la Kimethodisti. Mama yake aliitwa Margaret Grierson. Dorothy alikuwa kifungua mimba wao. Nyuma yake walizaliwa ndugu wa kiume, Willard, na ndugu wa kike aliyepewa jina la mama, nao nyumbani walimwita Peggy.

Wasomaji wa pwani ya Kenya wamewafahamu Wamethodisti tangu mwaka 1862, walipoanza kazi yao Ribe. Wale wa Ribe walitoka Uingereza, na hawa ninaowasema ni wa Marekani, walakini wote ni wana wa John Wesley, aliyekuwa mtu wa farasi na njia, asiyependa mhubiri aote mizizi mahali pamoja. Huko Marekani wachungaji walikusanyika kila mwaka mbele ya askofu wao, wakasomewa mahali pa kazi pa kila mmoja; na yule aliyehamishwa alirudi nyumbani kumwambia mkewe afunge mizigo. Basi Dorothy hakukulia mji mmoja. Alikulia katika nyumba za kanisa, leo hapa na kesho kule, Hamburg, Gowanda na miji mingine midogo ya upande ule, katika nyumba ambazo vyombo vyake si vya baba yake na miti yake haikupandwa na mtu wa jamaa yake. Mshahara wa mchungaji ulikuwa haba. Hawakulala njaa, lakini kila senti ilikuwa na kazi yake kabla haijafika mfukoni.

Nadhani hapa ndipo shule yake ya kwanza ilipokuwa, kabla ya shule yenyewe. Wazee wetu husema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtoto wa mchungaji hapewi hata hizo mbili. Siku ya kwanza Jumapili huketi mbele ya watu wasiomjua, wote wakimtazama nguo zake na adabu yake, naye huwatazama wao. Hana budi kujua upesi ni nani mwenye neno katika mji ule, ni nani aliyekosana na nani, mjane yuko nyumba gani, tajiri gani hutoa na yupi huahidi tu. Tena mchungaji huingia nyumba zote, ya tajiri na ya maskini, na binti aliyemfuata baba yake katika kuwazuru wagonjwa huona vitanda vya watu wa kila namna. Mtu aliyekwisha fanya hivyo mara nne au tano kabla hajafika umri wa miaka kumi na mitano, sishangai kwamba baadaye aliweza kushuka garimoshi katika mji wa kigeni asubuhi na jioni akajua pa kwenda kuuliza.

Jambo la pili alilopewa na nyumba ile ni maneno. Baba yake alikuwa mpole, msomaji wa vitabu, naye aliamini kwamba mtoto aliyekosa asipoteze muda wa adhabu bure. Alipokosa, Dorothy alipewa kitu cha kuhifadhi kwa moyo: sura za Biblia, au mashairi ya Kiingereza ya watungaji wakubwa. Husimuliwa kwamba siku moja alimpiga kofi mdogo wake Peggy, na baba yake akamfungia ndani ya kijumba cha nguo, asimtoe mpaka alipokuwa amehifadhi shairi la Shelley liitwalo Adonais. Shairi hilo ni refu, lina beti 55, na ni la maombolezo. Sina hakika kama mtoto ataupenda ushairi kwa njia hiyo. Wanafunzi wangu wengine nimewafanya wazichukie Zaburi kwa kosa kama hilo, nami nimejuta. Lakini kwake mbegu iliota. Mpaka uzee wake maneno ya Maandiko na ya mashairi yale yalikuwa yakimtoka kalamuni kama maji, naye aliandika kwa mwendo wa mhubiri, sentensi ikipanda na kushuka.

Siku hizi wako walimu wasemao kwamba kuhifadhi kwa moyo ni kazi ya kasuku. Wanasema kweli ikiwa mtoto hakuambiwa maana. Walakini mtu atawezaje kuandika usiku, hotelini, katika nchi ya kigeni, bila kitabu hata kimoja karibu naye, na habari yatakiwa kupelekwa kwa simu kabla ya saa sita, ikiwa maneno hayamo tayari ndani yake?

Hata mwaka 1901, mwezi wa Aprili, mama yake akafa, damu ikiwa imeingia sumu. Dorothy hajatimiza miaka minane. Sitayafuata machozi yale. Nasema tu kwamba mtoto wa kwanza anapofiwa na mama, utoto wake hukatwa siku ile, maana wadogo humtazama yeye. Miaka miwili baadaye, mwaka 1903, mchungaji akaoa tena, akamwoa Eliza Abbott, mwanamke aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa. Mama huyu wa kambo na Dorothy hawakupatana hata kidogo. Kila mmoja alikuwa mkali kwa njia yake, tena nyumba ilikuwa ndogo, na baba alikuwa katikati yao, asitake kumwumiza huyu wala yule. Baadaye Dorothy alipotoa habari za mama yule alimsema kwa ulimi mkali. Nasi tumesikia upande mmoja tu wa shauri lile, kwa kuwa yule mama hakuandika magazetini.

Shauri lilikatwa mwaka 1908. Dorothy, aliyekuwa akikaribia miaka kumi na mitano, alipelekwa Chicago kukaa kwa mashangazi zake, ndugu za baba yake. Mtu aweza kusema alifukuzwa nyumbani. Mwingine aweza kusema baba yake alimwokoa. Mimi naona yote mawili yalikuwa kweli. Katika vijiji vyetu pia wako watoto wengi waliopelekwa kwa shangazi au mjomba kwa sababu nyumbani hapakukalika, na wengine wao walipata huko shule ambayo nyumbani wasingaliipata.

Chicago ulikuwa mji mkubwa wa pili wa Marekani, mji wa reli na machinjio na viwanda, wenye watu waliotoka kila nchi ya Ulaya. Msichana aliyezoea mji wenye kanisa moja na duka la sukari sasa alisikia barabarani Kipolandi, Kijerumani na Kiitaliano. Akaingizwa katika Lewis Institute, shule iliyofunguliwa mwaka 1896 upande wa magharibi wa mji. Shule hiyo ilikuwa ya namna yake. Iliunganisha masomo ya juu ya sekondari na miaka miwili ya kwanza ya chuo, na chini ya dari moja walisomeshwa watu wa ufundi wa mashine na watu wa fasihi, wavulana na wasichana, watoto wa matajiri na wa wafanya kazi. Mwaka 1940 iliunganishwa na shule nyingine, na chuo kilichotokea kingali kinafundisha katika mji ule ule. Hapo Dorothy aliwapata walimu waliomsomesha fasihi na historia kwa bidii, nao hawakuchoshwa na maswali yake. Walikuta mtoto mwenye maneno mengi, wakampa mambo ya kusema.

Mwaka 1912 alimaliza pale, akaenda Chuo Kikuu cha Syracuse, katika jimbo lake la kuzaliwa. Hapa nitasimama kidogo, maana ndipo mlango ulipokuwa. Chuo hicho kiliasisiwa na Wamethodisti mwaka 1870, na tangu mwanzo kiliwapokea wanawake pamoja na wanaume. Tena palikuwa na msaada wa masomo kwa watoto wa wachungaji wa Kimethodisti. Mchungaji Thompson hakuwa na fedha ya kumlipia binti yake. Kama wazee wa kanisa, miaka arobaini nyuma, wasingalikaa barazani na kukubaliana kwamba watoto wa wahubiri, hata wa kike, wasomeshwe, basi Dorothy angaliishia kupiga kinanda katika kanisa dogo, au kuosha vyombo vya mama yake wa kambo. Wazee wale hawakumjua. Walikwisha zikwa wengi wao. Ninaandika haya nikiwakumbuka wazazi waliokuja shuleni kwangu kuniambia kwamba binti amekwisha jua kusoma Injili na kuandika barua, yatosha, sasa arudi nyumbani. Mmoja alikuwa amemleta binti mwenyewe, naye alisimama nyuma ya baba yake akiitazama sakafu. Nilishindwa kumjibu mzee yule ipasavyo, na binti akaondoka.

Huko Syracuse Dorothy alisoma siasa na uchumi, masomo ambayo wakati ule wengi waliyahesabu kuwa ya wanaume. Hakuwa mwanafunzi wa kukaa kimya. Wenzake walimkumbuka kwa kuzungumza kwake kusikokwisha, na baadhi yao walikwepa kuketi karibu naye chakulani. Alihitimu mwaka 1914. Mwaka huo huo Ulaya ikaingia katika vita vikuu, ingawa yeye hakujua bado kwamba kazi yake yote ingekuwa kuyasimulia magofu ya vita vile na vita vingine vilivyozaliwa humo.

Katika jimbo la New York wanawake walikuwa hawana kura. Dorothy aliona kwamba yeye aliyepata elimu, na wengi hawakuipata, anadaiwa. Akaenda Buffalo, katika ofisi ya chama cha wanawake waliodai kura. Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kuandika anwani juu ya bahasha. Baadaye walimsikia akisema, wakamtoa mezani wakamtuma vijijini kuhutubu. Huu ulikuwa ule ule mwendo wa baba yake: kuingia mji usioujua, kuwakusanya watu wasiokutaka, kusimama, kusema. Mwaka 1915 shauri la kura ya wanawake lilipelekwa mbele ya wanaume wa jimbo, likashindwa. Wakaanza tena upya, kijiji kwa kijiji, na mwezi wa Novemba 1917 likashinda. Mtu aliyefanya kazi miaka miwili baada ya kushindwa hivyo hujifunza jambo ambalo hakuna chuo kilifundishalo. Hujifunza kwamba mkulima akataaye ana sababu zake, na asiyeketi kuzisikiliza hatazijibu kamwe.

Miaka mitatu iliyofuata sina haja ya kuikalia. Alifanya kazi ya kutangaza habari za vyama mbalimbali, katika mji wa New York, na Cincinnati, ambako palijaribiwa mpango wa watu wa mtaa kujiangalia wenyewe afya ya watoto wao. Alikuwa na bidii, walakini alikuwa hajapata mahali pake.

Mwaka 1920, akiwa na miaka ishirini na sita, alipanda meli kwenda Ulaya pamoja na rafiki yake mmoja. Hakuwa ameajiriwa na gazeti lo lote. Fedha yake ilikuwa kidogo, na kazi alikuwa hana. Katika meli ile walikuwamo Wayahudi waliokuwa wakienda London kwenye mkutano mkuu wa wale waliotaka taifa lao lipate makao Palestina. Abiria wengine walicheza na kulala. Dorothy alikwenda akaketi na watu wale, akawauliza, akasikiliza siku baada ya siku mpaka meli ilipotia nanga. Aliposhuka London alikuwa anajua habari za jambo lile kuliko waandishi wengi wa mji, akaziandika, akaziuza kwa shirika la kupasha habari. Basi ndivyo alivyoingia katika kazi yake. Hakuna aliyemfungulia mlango. Alikuta tu kwamba watu waliokaa karibu naye walikuwa na habari, na wengine hawakuwauliza.

Kutoka hapo akaenda Ireland, nchi iliyokuwa ikipigana na Waingereza kutaka kujitawala. Huko Cork alizungumza na meya wa mji, Terence MacSwiney, muda mfupi kabla hajakamatwa mwezi wa Agosti. MacSwiney alikataa kula akiwa gerezani, akafa London mwezi wa Oktoba 1920 baada ya siku 74, na dunia nzima ikamsikia. Mazungumzo yale ya mgeni kijana yakawa na thamani kuliko alivyotazamia mwenyewe alipokuwa akiyaandika.

Hata mwaka 1921 akafika Vienna, mji mkuu wa Austria. Vita vilikuwa vimeivunja ile dola kubwa, na mji uliokuwa wa kaisari sasa ulikuwa na njaa, na fedha yake ikipoteza thamani kila mwezi. Dorothy alikuwa amekubaliwa kuliandikia gazeti la Philadelphia, liitwalo Public Ledger, bila mshahara wa kudumu. Alilipwa kwa kila habari iliyochapwa, na chakula chake alikipata kwa kuandika habari za kazi ya Msalaba Mwekundu. Alikuwa na shahada ya chuo kikuu. Alikuwa amehutubia makutano. Walakini katika Vienna alijiona mjinga, maana hakujua mambo ya Wacheki na Wahungari na Waserbia na chuki zao za miaka mia.

Neno ninalomheshimia kuliko yote ni hili, kwamba alikubali kurudi darasani. Alikuwako Vienna mwandishi mmoja Mhungari, Marcel Fodor, aliyekuwa amesomea uhandisi, mjuzi wa lugha nyingi, naye alikuwa akiliandikia gazeti la Manchester Guardian la Uingereza. Fodor alimfundisha. Alimwonyesha watu, akamweleza historia ya kila taifa la nchi zile, akamgawia habari ambazo mwandishi mwingine angalizificha kama mchoyo afichavyo chumvi. Dorothy aliketi mbele yake kama mtoto wa shule. Kijerumani nacho alijifunza huko, kwa kusema na watu. Akakisema mbio bila kusita, ingawa sarufi yake haikunyooka hata mwisho.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1921, Karl, aliyekuwa kaisari wa mwisho wa Austria na mfalme wa Hungaria, alijaribu kurudi kwa nguvu katika kiti chake huko Budapest. Akashindwa, akazuiwa yeye na mkewe Zita katika ngome ya Tata. Waandishi wote walikatazwa kuingia. Dorothy aliingia pamoja na mkuu mmoja wa Msalaba Mwekundu, akijifanya naye ni mtu wa chama hicho, akaonana na malkia, akatoka na habari ambayo mwingine hakuipata. Wengi wamemsifu kwa werevu ule. Mimi siwezi kumsifu kwa moyo mmoja. Alama ile ya msalaba hupita katikati ya majeshi kwa sababu watu wameiamini kwamba haifichi kitu; na kila anayeivaa kwa shughuli nyingine huipunguzia imani hiyo kidogo. Nadhani binti wa mchungaji alilijua hilo. Walakini alikuwa na miaka ishirini na minane, hana mshahara, na habari ilikuwa nyuma ya ukuta.

Baada ya hayo wakubwa wa gazeti hawakuweza kumwacha bila kazi ya kudumu. Kufika mwaka 1925 alikuwa Berlin, mkuu wa ofisi ya gazeti lake na ya New York Evening Post pia, akizisimamia habari za nchi zote za katikati ya Ulaya. Kazi ya cheo hicho katika mji mkubwa kama ule karibu haijapata kushikwa na mwanamke kabla yake. Mwaka 1928 aliolewa na Sinclair Lewis, mtunga vitabu wa Marekani, akaiacha ofisi, lakini kuandika hakuacha.

Sasa nafika pale nilipoahidi, pale jicho lilipokosa. Mwaka 1931 alirudi Ujerumani. Watu mamilioni walikuwa hawana kazi, na chama cha Adolf Hitler kilikuwa kinakua kama moto wa nyikani. Dorothy alikuwa ametaka kwa muda mrefu kuonana na Hitler, na mwishoni mwa mwaka ule akakubaliwa, katika hoteli moja ya Berlin. Alifika akitazamia kumwona mtu wa kutisha. Akaona mtu mwenye haya, asiyetulia, asiyeweza kuzungumza na mtu mmoja bali hupaza sauti kana kwamba yuko mbele ya maelfu. Kabla dakika moja haijapita alikuwa amekata shauri moyoni kwamba mtu huyu hatakuwa mtawala wa Ujerumani. Akayaandika hayo, na mwaka 1932 yakatoka kuwa kitabu. Tarehe 30 Januari mwaka 1933 Hitler akawa waziri mkuu wa nchi ile, na baada ya miezi michache hapakuwa na mtu wa kumpinga.

Nimefikiri sana juu ya kosa hili, kwa maana lilifanywa na mtu aliyejua mengi. Samweli alipokwenda nyumbani kwa Yese alimtazama Eliabu, kimo chake na uso wake, akadhani huyu ndiye mfalme. Dorothy alikosa kosa lile lile kwa upande wake wa pili: alimtazama mtu hafifu akadhani hawezi kuwa kitu. Tangu utotoni alikuwa amemtazama baba yake akiwatuliza watu kwa upole na kwa neno lililo sawa, akajifunza kumpima msemaji kwa jinsi anavyokaa na mtu mmoja, uso kwa uso. Kipimo hicho ni kizuri kwa mchungaji. Hakikufaa kumpima mtu ambaye nguvu zake hazikuwamo ndani yake mwenyewe, bali katika hasira na njaa ya wale waliokuwa nje wakimngoja. Na habari za wale wa nje Dorothy alikuwa anazijua. Alizijua kuliko Mmarekani ye yote karibu. Siku ile moja aliuacha mji mzima dirishani akamtazama mtu aliye kitini.

Hakuficha kosa lake. Aliendelea kwenda Ujerumani, na baada ya mwaka 1933 aliandika juu ya kupigwa kwa Wayahudi na kufungwa kwa wapinzani, kwa maneno ambayo watu wa kwao wengi hawakutaka kuyasikia, maana walikuwa wamechoka na mambo ya Ulaya. Tarehe 25 Agosti mwaka 1934 alikuwa hotelini Berlin, mtu wa polisi akamletea barua. Barua ilimwamuru atoke Ujerumani katika muda wa saa ishirini na nne. Sababu ilikuwa maandiko yake, na hasa kile kitabu ambacho ndani yake alikuwa amemdharau mtawala. Basi neno lile lile lililokuwa kosa la hukumu yake ndilo lililomfanya mwenye nguvu asiweze kumvumilia. Waandishi wenzake walikwenda kumsindikiza kituoni, wakamjaza mikononi maua ya waridi, garimoshi likaondoka kuelekea Ufaransa.

Kuanzia mwaka 1936 aliandika mara tatu kila juma katika New York Herald Tribune, na maneno yake yakachapwa tena katika magazeti zaidi ya mia na hamsini ya Marekani. Tena alisema redioni. Alifariki Lisbon, Ureno, mwezi wa Januari 1961. Ile barua ya polisi hakuitupa. Aliitia katika fremu ya kioo kama watu wengine watiavyo shahada zao za chuo.